Uzi wa Kifundoni

Jumanne moja, saa nne kasoro robo asubuhi, Shangazi alikuwa akipiga pindo la shuka la wodi ya watoto, uzi ukamwishia. Alitazama bobini, tupu. Alitazama roli juu ya cherehani, imebaki karatasi. Kwa utaratibu wa hospitali ile, roli mpya haikutoka stoo mpaka ile tupu irudishwe pamoja na fomu yenye sahihi tatu, na mwenye sahihi ya tatu alikuwa mkutanoni. Basi Shangazi akakaa kusubiri. Akajikuna kifundo cha mkono wa kulia, penye kovu la upasuaji wa miaka minane nyuma, na ukucha wake ukanasa ncha ya uzi.

Akauvuta, ukaja. Ulikuwa mweupe, mwembamba, una mng'ao kidogo kama uliopitishwa kwenye nta, na haukuuma. Alipopata urefu wa kutosha akauzungusha kwenye bobini, akatunga sindano, akamalizia pindo na kuvuta shuka la pili. Chai ilipoletwa saa nne na nusu alikuwa amemaliza mashuka sita.

Mama Pasi, aliyekuwa akinyoosha foronya upande wa pili wa chumba, aliona yote na hakuiweka pasi chini. Alichotaka kujua ni kama kuna rangi nyingine.

“Mweupe tu,” Shangazi akasema.

“Na zipu je, hutoi?”

Shangazi akamwambia ashike adabu yake, wakanywa chai.

Hakuna aliyekumbuka alikuwa shangazi wa nani. Alipoajiriwa katika chumba kile cha ushonaji, miaka ishirini na tisa nyuma, jina alikuja nalo kama watu wanavyokuja na mwavuli, na likabaki. Kazi yake ilikuwa kushona mashuka, mapazia ya wodi na vitambaa vya chumba cha upasuaji, na kutia viraka nguo zilizochanika. Mikono yake yote miwili ilikuwa imepasuliwa vifundoni kwa ajili ya ganzi. Ganzi ilikaa pembeni mwaka mmoja, ikarudi kama mpangaji aliyesahau sufuria. Aliwahi kushona ncha ya kidole chake pamoja na foronya, akajua tu pale foronya ilipokataa kukunjika. Mchana miguu ilimvimba mpaka viatu vikawa kama vya mdogo wake. Kulala alilala ameketi, mito mitatu mgongoni, kama abiria asiyetaka kupitwa na kituo.

Kwenye kadi yake ya matibabu paliandikwa PRESHA kwa kalamu nyekundu. Baba yake alikufa na kadi yenye neno hilohilo, baba yake mdogo vilevile, kaka yake mkubwa vilevile. Wauguzi walikuwa wakisema, familia yenu mna presha, kwa heshima ileile ambayo mtu husema familia yenu mna sauti. Kila alipopimwa, mashine ilionyesha presha ya chini. Muuguzi aliigonga mashine, akailaumu, akampa vidonge vilevile vya kushusha presha. Shangazi alivimeza, na kila alipoinuka kitini alianguka.

Bintiye alikuja kila saa tisa kumchukua. Alikuwa msusi wa nywele, miaka thelathini na nne, mwenye vidole vya haraka na mdomo wa haraka kupita vidole. Siku ile ya kwanza aliushika uzi, akauvuta, akaupima kwa jicho la kazi, akasema unafaa kusukia. Kisha akamfunga mama yake kamba za viatu na kumwambia wasimame taratibu, sakafu haina haraka.

Wiki ya tatu, mtunza stoo alikuja mwenyewe. Wenzake walimwita Bwana Sahihi, kwa sababu hata ukimsalimia alitafuta mahali pa wewe kusaini. Hakushangazwa na uzi, aliumizwa nao. Kwa wiki tatu chumba cha ushonaji hakikurudisha roli tupu hata moja, na yeye hakuwa na karatasi inayoeleza kwa nini. Shangazi akamwonyesha kifundo. Bwana Sahihi akavaa miwani, akatazama, akafikiri. Akaamua kwamba uzi umetoka saa za kazi, kwenye kiti cha hospitali, kwa hiyo ni mali ya hospitali. Kuanzia siku ile upimwe kwa futi, uandikwe kwenye daftari la mapokezi. Uzi wa kutoka stoo ukasitishwa mwezi uleule.

Uzi wa Shangazi ulikuwa na sifa moja: haukukatika wala kuoza. Mashuka yalichemshwa, yakasuguliwa, yakachakaa na kwisha, mapindo yakabaki mazima peke yake, kama fremu zisizo na picha. Habari ikafika chumba cha upasuaji. Madaktari wa upasuaji wakaomba mita kumi za kujaribia, kisha hamsini, kisha wakaacha kuomba na kuanza kuagiza.

Daktari wa moyo alikuwa mgeni, dada mmoja aliyehamia mwaka ule, mwembamba, asiye na mazoea ya kuamini kadi. Alimwona Shangazi akipanda ngazi tatu za kuingia jengo la mashuka, akipumzika katika kila moja. Alimfuata ndani, akamshika mkono, akatazama kovu, akaushika wa pili.

“Yote miwili ilipasuliwa?” akauliza.

Kwa miaka minane hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo. Shangazi akasema ndiyo, yote miwili. Daktari akaomba uzi kiasi cha shubiri, akaupeleka maabara. Wakautia rangi nyekundu, wakautazama kwenye hadubini kati ya vioo viwili vya kuchuja mwanga, na uzi mwekundu ukawaka kijani, kijani cha tofaa bichi. Alirudi siku ya pili, akavuta kigoda, akaeleza, huku Shangazi akiendelea kushona kwa sababu wodi ya wazazi ilikuwa inasubiri.

Alisema kwamba ini la kila mtu linatengeneza wapagazi. Jina lao la vitabuni ni transthiretini. Wanatembea ndani ya damu wanne wanne, wameshikana mikono, wamebeba vitamini A na homoni ya tezi ya shingoni, wanapeleka inakotakiwa. Hawana shida na mtu. Lakini zipo familia ambazo maagizo ya kuwatengeneza yana kosa moja dogo, la kurithi, na wapagazi wa familia hizo hawashikani sawasawa. Wanaachana njiani. Mpagazi aliyeachwa peke yake anajikunja vibaya, anang'ang'ania mwenzake aliyejikunja vibaya, na wote wanageuka nyuzi. Nyuzi zinaingia kwenye vifundo vya mikono kwanza, miaka mingi kabla ya kitu kingine. Halafu kwenye mishipa ya fahamu ya miguu. Halafu zinaingia kwenye moyo, unakuwa mnene na mgumu, hautanuki kupokea damu.

“Kama mto uliojazwa pamba kupita kiasi,” Shangazi akasema.

“Hivyohivyo.”

“Na wa baba yangu?”

Daktari akasema hakumpima baba yake, hawezi kuapa. Ila kwa jinsi alivyosoma mafaili ya baba, ya baba mdogo na ya kaka, hakuona presha humo.

Kilikuwepo kidonge. Kiliingia katikati ya wapagazi wanne na kuwashikisha mikono wasiachane. Uzi uliokwisha kuingia moyoni hakikuutoa. Kilizuia mwingine usije. Hospitali ile haikuwa nacho, ila kuagiza iliweza, kwani ilikwisha agiza vitu vya mbali zaidi, pamoja na kapeti la ofisi ya mkurugenzi.

“Nikianza sasa?” Shangazi akauliza.

“Moyo utabaki na nafasi ya kufanyia kazi.”

“Nisipoanza?”

Daktari akatazama rafu ya foronya. “Mwaka na kitu,” akasema. “Labda miwili.”

Shangazi akakata uzi kwa mkasi, au alijaribu. Mkasi ulikuwa umekwisha kubutuka. Akauliza kuhusu binti yake. Daktari akasema kwa mtoto ni nusu kwa nusu, na kwamba kipimo chake ni cha damu tu, hakiumi, ila nacho kinahitaji hospitali ikubali kwanza kwamba ugonjwa upo.

Mama Pasi, aliyekuwa akisikiliza na kuunguza shati la mtu, alisema wapagazi wenyewe ni kama watumishi wa jengo lile, mmoja akiachia mzigo wote wanalala chini. Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Mambo yalipofika hapo, mashuka yakaanza kugeuka rangi. Ilikuwa wodi ya moyo, asubuhi ya kutandika. Muuguzi wa zamu aliripoti kwamba kwenye vitanda kadhaa mapindo yamekuwa ya kijani, na akaomba sabuni nyingine. Daktari wa moyo alipita kitanda hadi kitanda. Alimwomba fundi wa kuchomelea, mzee wa kitanda cha nne, ahamie cha tisa. Kijani kikamfuata cha tisa, na pindo la cha nne likarudi jeupe. Alipohesabu, vitanda vya kijani vilikuwa kumi na vinne kati ya thelathini na kimoja. Kadi za wote kumi na wanne ziliandikwa presha kwa kalamu nyekundu. Akawauliza mmoja mmoja kama waliwahi kupata ganzi ya mikono, mkono upi. Kumi na mmoja wakasema yote miwili. Mzee wa kuchomelea akauliza kama daktari ni mtabiri, kwa sababu kama ni mtabiri ana mambo mengine ya kumuuliza kuhusu mkwewe.

Daktari akaandika ripoti ya kurasa mbili. Aliomba vidonge vya watu kumi na watano, wa kumi na tano akiwa Shangazi, na vipimo vya damu kwa watoto wao. Alimpelekea mkurugenzi mkononi.

Mkurugenzi alikuwa mtu mwenye adabu. Aliisoma ripoti amesimama, akashukuru. Akauliza kama kijani kinaonekana na wageni wanaokuja kutazama wagonjwa. Daktari akasema kinaonekana. Akauliza, kutoka umbali gani. Daktari akasema kutoka mlangoni.

Wiki iliyofuata, kwa agizo la maandishi, mashuka yote ya wodi ya moyo yalitiwa rangi ya kijani, kijani kizito cha chumba cha upasuaji. Kazi ilifanyika katika mapipa matatu ya kuchemshia, na Mama Pasi alitembea mwezi mzima na mikono ya kijani mpaka viwiko, akiwaambia watu anaota majani. Nakala ya ripoti ilirudi kwa daktari, pembeni imeandikwa kwamba suala la rangi limeshughulikiwa.

Daktari akajaribu kumwokoa mmoja, maana kumi na watano walikuwa wameshindikana. Shangazi alikuwa mtumishi, na mtumishi anayo haki ya matibabu. Tatizo ni kwamba fomu za matibabu ya watumishi zilikwisha tangu mwaka juzi na hazikuchapwa nyingine. Bwana Sahihi, ambaye kwa kweli alitaka kusaidia na alimpenda Shangazi kwa namna yake ya daftari, akapekua kabati lake siku nzima. Akapata fomu za matengenezo ya vifaa. Akasema hizi ndizo nzuri hata zaidi, hujibiwa ndani ya wiki, kwa sababu mashine ikiharibika inapiga kelele na mkubwa anaisikia.

Wakaijaza pamoja juu ya meza ya kukatia vitambaa. Kifaa: moyo na ini. Idara: ushonaji. Tatizo: uzi unajaa. Kinachohitajika: kidonge, kimoja kila siku. Shangazi akasaini.

Jibu lilikuja siku ya nne, jambo lililompa Bwana Sahihi fahari ya wazi. Lilisema kifaa hakimo kwenye daftari la vifaa, kisajiliwe kwanza. Daktari akakataa. Akasema huyu ni mtu, hasajiliwi. Bwana Sahihi akamweleza kwa upole kwamba ni namba tu, mengine yatafuata namba. Wote wawili wakamgeukia Shangazi. Shangazi alikuwa amelala usiku ule kwa mito minne.

“Andikeni,” akasema.

Namba yake ikawa US tatu. US moja ilikuwa cherehani, US mbili meza ya pasi. Kibati chake kilichongwa na kushonwa kifuani mwa koti lake la kazi, kwa uzi wake mwenyewe, maana mwingine haukuwepo.

“Mimi kibarua mwaka wa kumi na mbili, nasubiri namba ya ajira,” Mama Pasi akasema. “Wewe umeipata asubuhi moja. Ama kweli watu mna nyota.”

Lakini alikishona kibati kile vizuri, akarudia pembe mara mbili, na alipomaliza akashika bega la Shangazi kwa muda mrefu kuliko mshono ulivyohitaji.

Jibu la pili lilichukua wiki moja. Lilisema dawa hutolewa kwa wagonjwa, na mwombaji si mgonjwa bali ni kifaa, na vifaa hufanyiwa ukaguzi kila baada ya miezi mitatu. Liliongeza kwamba, kwa kuwa hakuna kinachoweza kuandikwa katika orodha mbili, jina lake limeondolewa katika orodha ya watumishi, na kadi yake ya presha imefungwa. Hili la mwisho lilimsaidia. Hakupewa tena vidonge vya kushusha presha, na tangu siku ile hakuanguka alipoinuka kitini.

Daktari wa moyo aliandika barua tisa. Baada ya barua ya tisa alihamishiwa kliniki ya macho, kwa maelezo kwamba ameonyesha uwezo wa kutambua rangi.

Bintiye Shangazi aliposikia, alikuja kabla ya saa yake. Alisema maneno mengi koridoni, mengine ya kweli, mengine ya kusutia tu, na Bwana Sahihi aliyapokea yote ameinamisha kichwa, kisha akauliza kama angependa kuyaweka kwenye maandishi. Binti akachukua kalamu. Akaandika mstari mmoja, kalamu ikamponyoka. Akaiokota, ikamponyoka tena. Akakung'uta mkono kama mtu anayekung'uta maji, akasema ni mkao aliolalia. Shangazi, aliyekuwa mlangoni ameshikilia fremu, akamtazama. Akamuuliza ni mkono upi. Binti akasema achana nayo, mama, ni huu tu, na juzi ule mwingine, kazi ya kusuka ina mambo yake.

Shangazi alirudi kwenye cherehani, na siku ile akatoa uzi mwingi kuliko siku zote, mita themanini na mbili kwenye daftari la mapokezi.

Ukaguzi ulipowadia alikuja fundi mitambo wa hospitali, mtu mzima mwenye suruali ya mifuko sita, waliyemwita Bisibisi. Alitia mafuta cherehani, akakaza mguu wa meza ya pasi, akafungua ukurasa wa US tatu. Akavua kofia.

“Shikamoo, Shangazi.”

“Marahaba. Fanya kazi yako, mwanangu.”

Bisibisi akafuta bisibisi yake ndefu kwenye suruali. Akaweka ncha kifuani mwa Shangazi, mpini sikioni mwake, kama anavyosikiliza mota za pampu. Alisikiliza muda mrefu. Kilichokuwa kikisikika ni mlio wa kabati lililojaa nguo, mtu akijaribu kulifunga kwa goti, likifunguka kidogo, akijaribu tena. Akaondoa bisibisi. Akamuuliza anajisikiaje, ingawa fomu haikuwa na swali hilo. Shangazi akasema pumzi haimfikii chini, na kwamba sasa hata kuketi kunamchosha.

Fomu ilikuwa na vyumba viwili vya kutia tiki, inafanya kazi na haifanyi kazi. Bisibisi alimweleza kwamba cha pili kikitiwa tiki, kifaa huondolewa mahali pake na kupelekwa banda la nyuma, penye vitanda vya miguu mitatu na friji za chanjo zilizokufa, kusubiri kufutwa. Kule hakuna kiti. Shangazi akasema anapafahamu. Bisibisi akatia tiki kwenye inafanya kazi, taratibu, akihakikisha mstari hautoki nje ya chumba.

Nje, kwenye benchi la koridoni, bintiye alikuwa amefika kumchukua. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amepakata mkono wa kulia kwenye wa kushoto, anausugua kifundoni, anacheka na Mama Pasi kuhusu mteja aliyetaka kusukwa kama picha ya kwenye kopo la mafuta ya nywele.

“Bado swali moja,” Bisibisi akasema, akishusha sauti. “Wanauliza kama kifaa kina vipuri. Vikiwepo navyo vinaandikwa, vipewe namba, visije vikapotea.”

Shangazi alitazama mlangoni. Kisha akamtazama Bisibisi, na Bisibisi naye alikuwa ametazama mlangoni.

“Havipo,” Shangazi akasema.

“Havipo,” Bisibisi akarudia, akaandika. Akamgeuzia fomu asaini. Shangazi akasaini kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa unatoa uzi wa chumba cha upasuaji, na agizo lao lilitakiwa kabla ya saa tisa.